Nani Anatunza Daftari la Anime Zilizorushwa?

Agosti 2024 kampuni ya Warner Bros. Discovery ilizima tovuti ya Cartoon Network ya Marekani, na aliyefungua anwani ile ya zamani akajikuta amepelekwa kwenye huduma ya Max. Miezi minne kabla ya hapo, tarehe 2 Aprili, Funimation, huduma ya kutazama anime (katuni za Kijapani), nayo ilikuwa imefungwa, na nakala za kidijitali ambazo wateja walizipata kwa kununua diski hazikuhamishiwa Crunchyroll, huduma iliyochukua nafasi yake. Mashabiki wengi waliyasoma matukio haya mawili kwa namna moja: katuni zetu zinapotea, tuzipakue kabla hazijaisha. Hofu hiyo ina msingi, maana mwaka 2022 huduma hiyo ya Max, wakati huo ikiitwa HBO Max, ilikwisha kuondoa mifululizo kadhaa, Infinity Train ukiwemo. Lakini hitimisho limekosea shabaha. Sehemu kubwa ya anime na katuni za mapigano zilizopita kwenye televisheni bado ipo, kwenye diski, kwenye huduma za malipo na kwenye kabati za watu. Kinachofutika ni kumbukumbu ya kurushwa kwake, kitu ambacho hakuna kampuni inayokiuza wala inayolipwa kukitunza: nini kilirushwa, siku gani, saa ngapi, kwenye chaneli ipi, katika toleo lipi, na kilikatwa wapi. Ninachodai ni kwamba kazi hiyo ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kuendesha tovuti ya mashabiki leo, na kwamba tovuti nyingi mpya hufa mapema kwa sababu zimejengwa kwa kazi nyingine ambayo tayari ina wenyewe.

Tuangalie tulikotoka. Toonami, safu ya vipindi vya anime na katuni za mapigano, ilipoanza kwenye Cartoon Network tarehe 17 Machi 1997, mtazamaji alikuwa mateka wa ratiba. Aliyekosa epizodi alisubiri marudio, na hakujua marudio yatakuja lini. Tovuti za mashabiki zilizaliwa kuziba pengo hilo. Zilikuwa na ratiba ya wiki, orodha ya epizodi, maelezo ya wahusika, picha zilizonaswa kwenye televisheni, na habari za kipindi kipi kinakuja na kipi kinaondolewa. Nyingi ziliishi kwenye huduma za bure kama GeoCities, ambayo Yahoo iliifunga Oktoba 2009. Toonami yenyewe ilisitishwa tarehe 20 Septemba 2008 na kurudi Mei 2012 chini ya Adult Swim, sehemu ya usiku ya chaneli hiyo kwa ajili ya watu wazima, na katika pengo hilo la karibu miaka minne waendeshaji wengi walikata tamaa, majina ya tovuti zao yakaisha muda, kurasa zikafutika. Hali hii haikuwa ya anime peke yake: utafiti wa Pew Research Center uliotolewa 2024 ulionyesha kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 zilikuwa hazifunguki miaka kumi baadaye. Wakati huohuo habari zilihamia mitandao ya kijamii, muhtasari wa hadithi ukahamia wiki za mashabiki, yaani tovuti ambazo yeyote anaweza kuzihariri, video ikahamia huduma za kutazama kwa intaneti. Ilibaki ratiba, na kwa kuwa watu siku hizi hutazama saa yoyote wanayotaka, ratiba ikaonekana takataka. Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Ratiba ya wiki ijayo imepungua thamani, ni kweli. Ratiba ya mwaka 2000 imegeuka historia, na historia hiyo karibu yote iliandikwa na watu wasiolipwa, kwenye seva ambazo hazipo tena.

Asiyeifahamu fani hii atauliza: kama katuni ipo kwenye diski, kurushwa kwake kuna nini cha ziada? Jibu ni kwamba kilichorushwa na kilichomo kwenye diski mara nyingi ni vitu viwili tofauti. Dragon Ball Z ilipopelekwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1996, epizodi 67 za mwanzo zilikatwa na kuunganishwa zikawa 53. Kwenye toleo hilo mashetani wa kuzimu walivaa fulana zilizoandikwa HFIL, kwa kuwa neno la awali, HELL, lilichorwa upya ili lisisomeke kama jehanamu. One Piece ya kampuni ya Marekani ya 4Kids, iliyoanza 2004, ilibana epizodi 143 zikawa 104, na sigara ya mhusika Sanji ikageuzwa kuwa pipi ya kijiti. Gundam Wing, iliyoanza Machi 2000, ilirushwa kwa matoleo mawili: moja la mchana lililosafishwa na jingine la usiku wa manane lisilokatwa. Mchana mhusika Duo alijiita Mwangamizi Mkuu, usiku akajiita Mungu wa Kifo. Watoto wawili wa nyumba moja, mmoja akiwahi kulala na mwingine akikesha, walitazama mfululizo uleule na kusikia maneno tofauti. Hata diski hazitegemeki kama kipimo: seti za Dragon Ball Z zilizotoka 2007 zilikatwa picha juu na chini ili zijaze skrini pana, kwa hiyo ukizitazama leo huoni kile kilichoonekana kwenye televisheni ya miaka ya tisini, na huoni pia kile alichochora mchoraji.

Cowboy Bebop inaonyesha jambo hili kwa karibu zaidi. TV Tokyo iliirusha kati ya Aprili na Juni 1998, lakini ikachagua epizodi 12 tu kati ya 26 na kuongeza kipindi maalumu cha kufungia. Mfululizo mzima ulionekana kwenye chaneli ya kulipia ya WOWOW kuanzia Oktoba 1998 hadi Aprili 1999. Kwa maana hiyo epizodi kadhaa zina tarehe mbili halali za kwanza nchini Japani, na nyingine zina moja. Kisha Adult Swim ikaichukua tangu usiku wake wa kwanza kabisa, tarehe 2 Septemba 2001, na baada ya mashambulizi ya Septemba 11 epizodi kadhaa zikarukwa, ikiwemo Cowboy Funk, inayomhusu mtu anayelipua majengo. Sasa mtu akiuliza epizodi hii ilirushwa lini kwa mara ya kwanza, jibu la tarehe moja ni la uongo hata kama tarehe yenyewe ni sahihi. Orodha za haraka zinazoonekana kila mahali zinatoa tarehe moja. Zinapogongana, kila upande unadhani mwingine umekosea, wakati ukweli ni kwamba wanajibu maswali tofauti.

Chanzo cha mkanganyiko ni muundo wa jedwali. Karibu kila anayeanza hutengeneza jedwali moja, mstari mmoja kwa kila epizodi, na safu moja ya tarehe. Muundo huo hauwezi kubeba ukweli huu hata ukijazwa na mtu makini kiasi gani. Yanahitajika majedwali matatu. La kwanza ni la epizodi, kila moja ikiwa na kitambulisho cha kudumu ambacho hakitokani na namba ya kurushwa. La pili ni la matoleo: sauti za Kijapani, sauti za Kiingereza zilizosafishwa, zisizokatwa, zilizorekebishwa upya, na urefu wa kila toleo kwa dakika na sekunde. La tatu ni la urushaji, na hapa kila mara kitu kilipokwenda hewani kinapata mstari wake, marudio yakiwemo. Mstari huo unabeba tarehe, saa, ukanda wa saa, chaneli, toleo, na chanzo cha habari pamoja na kiwango cha uhakika. Kiwango cha uhakika si mapambo. Ratiba iliyochapwa gazetini ni ahadi ya kituo, haithibitishi kwamba ahadi ilitimizwa, na wiki ya pili ya Septemba 2001 ni mfano mmoja tu wa ratiba zilizochapwa zikapitwa na matukio. Kanda iliyorekodiwa ni ushahidi. Kumbukumbu ya mtazamaji ni dokezo la kutafutia ushahidi. Ukizichanganya tatu hizi kwenye safu moja bila alama, baada ya miaka michache hata wewe mwenyewe hutajua kipi ulikithibitisha na kipi ulikisikia.

Namba za epizodi ni mtego wa pili. Epizodi ya 38 ya Pokémon, ile ya tarehe 16 Desemba 1997 iliyosababisha mamia ya watoto wa Japani kupelekwa hospitalini kwa sababu ya mwanga wa kumetameta, haikurushwa tena wala kuingizwa kwenye toleo la Kiingereza. Kwa kuwa si hiyo peke yake iliyorukwa, namba za Kiingereza na za Kijapani haziendi sambamba tena, na pengo linabadilika kadiri unavyosonga mbele. Batman: The Animated Series ina tatizo la aina nyingine: ilianza hewani tarehe 5 Septemba 1992 na sehemu ya kwanza ya The Cat and the Claw, ilhali ya kwanza kutengenezwa ilikuwa On Leather Wings, iliyofuata siku moja baadaye. Mwendeshaji aliyeweka namba ya kurushwa ndani ya anwani ya ukurasa ataanza kubadilisha anwani pindi atakapogundua kosa, na kila anwani inayobadilika inavunja viungo vya watu wengine. Dawa ni kitambulisho kisicho na maana, herufi mbili tatu za mfululizo na tarakimu za kuingizwa kwenye hifadhidata, kisha namba za utengenezaji, za urushaji wa kila nchi na za diski zikae kwenye safu zake. Kama anwani lazima ihame, weka uelekezaji wa kudumu kutoka ya zamani, na usiuondoe hata baada ya miaka.

Kwenye saa ndiko hata wazoefu wanakojikwaa. Vituo vya Japani huandika saa za usiku kwa kuendelea kuhesabu baada ya 24, hivyo Ijumaa saa 25:30 ni saa saba na nusu za usiku wa kuamkia Jumamosi. Mtu akinakili Ijumaa bila kugeuza, tarehe yake iko nyuma siku moja; akigeuza mara mbili, iko mbele. Adult Swim ina sura hiyohiyo: vipindi vya Toonami ya Jumamosi vilivyorushwa baada ya saa sita usiku vinaangukia Jumapili kwenye kalenda. Hifadhi vyote viwili, siku ya ratiba kama kituo kilivyoiita na muda halisi wa kimataifa (UTC), na usiruhusu mchangiaji ajaze kimoja tu. Kwenye ukanda wa saa andika jina la eneo, yaani America/New_York, usiandike tofauti ya saa kwa mkono. Japani iko saa tisa mbele ya UTC mwaka mzima. New York iko nyuma saa tano wakati wa baridi na nne wakati wa kiangazi, na tarehe za kubadilisha zenyewe zilibadilika: hadi 2006 saa zilisogezwa Jumapili ya kwanza ya Aprili, tangu 2007 ni Jumapili ya pili ya Machi. Anayehesabu urushaji wa Machi 2000 kwa kanuni za leo anakosea saa nzima kwa wiki kadhaa. Hifadhidata ya kanda za saa iliyomo ndani ya mifumo ya kompyuta inazijua kanuni za miaka yote. Kazi yako ni kuiachia ifanye hesabu.

Kuhusu picha nitasema machache lakini ya lazima, kwa kuwa picha mbovu ndizo zinazowafanya wasomaji waone tofauti za matoleo mahali ambapo hazipo. Katuni hizi zilipigwa kwenye filamu kwa fremu 24 kwa sekunde, kisha zikapanuliwa kufikia mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani. Kila fremu nne huzaa tano, na mbili kati ya hizo tano ni mchanganyiko wa fremu jirani. Ukinasa picha kwenye mojawapo ya hizo mbili, kingo za kitu kinachosogea huonekana zimechanika kama meno ya kitana. Wengi huwasha kichujio cha kulainisha, ambacho hutupa nusu ya mistari ya picha au kuichanganya ikawa ukungu. Njia sahihi ni kurudisha mchakato nyuma, kuzitenganisha zile fremu tano zikarudi nne, ndipo unase. Halafu angalia umbo: video ya piseli 720 kwa 480 haikukusudiwa kutazamwa kwa uwiano huo, na ukiichapisha ilivyo nyuso zinanenepa. Ibadilishe iwe 640 kwa 480. Nakala kuu ihifadhiwe kwa PNG, ya ukurasani iwe WebP, na jina la faili libebe kitambulisho cha epizodi, toleo na muda ndani ya epizodi. Picha mbili za fremu moja, ya kwenye televisheni na ya kwenye diski, zikiwekwa bega kwa bega na muda wake, zinamaliza ubishi ambao aya tano za maelezo haziwezi kuumaliza.

Zipo hoja nzito dhidi ya haya yote, na ya kwanza ni ya wiki. Wiki ina mikono mingi, ina historia ya kila badiliko, na leseni yake ya kawaida inaruhusu jumuiya kuondoka na maandishi yake. Mtu mmoja na tovuti yake akiugua, kazi inasimama, wiki haiugui. Hili ni kweli, na kwa muhtasari wa hadithi au maelezo ya wahusika simshauri mtu yeyote ajenge kitu chake mwenyewe. Lakini wiki kubwa za kibiashara zina kiolezo cha epizodi moja na tarehe moja, kile kile nilichokieleza hapo juu, na mwenye jukwaa ndiye anayeamua sura ya ukurasa na matangazo yanayouzunguka. Kuondoka pia hakuishii kwenye leseni: jumuiya ya wiki ya Minecraft iliondoka Fandom, jukwaa la kibiashara la wiki, mwaka 2023, lakini nakala iliyoachwa iliendelea kubaki hewani ikishindana na ile mpya kwenye injini za utafutaji. Wikipedia kwa upande wake haipokei utafiti asilia, na kanuni hiyo inaifaa ensaiklopidia. Kanda yako ya nyumbani inayoonyesha kwamba epizodi fulani ilirushwa kwa toleo fulani haihesabiki kuwa chanzo. Panahitajika mahali ambapo ushahidi wa kwanza unaandikwa, unapimwa na kupewa alama kabla haujafika kwa wengine.

Hoja ya pili inasema mashabiki wako kwenye makundi ya gumzo na mitandao ya kijamii, kwa hiyo tovuti ni mlango usio na wapitaji. Kwa idadi ya wapitaji, sina la kubisha. Anayepima mafanikio kwa wageni wa siku hiyo atashindwa na kundi lolote lenye mzaha mzuri. Ila kundi la gumzo halitafutiki kutoka nje, mazungumzo yake yanazama kwa saa chache, na akaunti ya mwenye kundi ikifungwa hakuna kinachobaki. Makundi ni mahali pazuri pa kuuliza nani ana kanda ya mwaka fulani, na jibu likipatikana linapaswa kuhamishiwa kwenye jedwali siku hiyohiyo.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa sana: kwamba wenye haki wanajua walichorusha, na kwamba programu za akili mnemba zitajibu swali lolote. Kuhusu wenye haki, tukio lililotufikisha hapa linajibu lenyewe. Kampuni iliyoona tovuti ya chaneli yake haistahili kubaki hewani haitatumia fedha kuchapisha orodha ya vipande vilivyokatwa mwaka 2000. Mikataba ya urushaji inaisha, vituo vinauzwa, na kumbukumbu za ndani, hata zikiwepo, hazimfikii msomaji. Tena matoleo ya awali ya Dragon Ball Z yaliuzwa kwa vituo vya miji mbalimbali, kila kimoja na saa yake, kwa hiyo hata mwenye haki hakuwa na tarehe moja ya kutoa. Kuhusu akili mnemba, programu hizo hujifunza kutokana na kurasa zilizoandikwa na watu. Ukurasa uliokuwa na jibu ukifutika, kinachobaki ni kurasa zenye tarehe moja isiyo na toleo, na programu itaitoa kwa sauti ya uhakika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali bado tunayo, daftari ndilo linalochanwa ukurasa baada ya ukurasa, na chombo kinachosoma daftari hakiwezi kulijaza.

Hofu ya sheria inastahili kujibiwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu imefunga tovuti nyingi na nyingine ilistahili kuzifunga. Kuweka epizodi nzima, au wimbo mzima wa kufungulia, ni kukaribisha barua ya mwanasheria, na hakuna maandishi ya "hatumiliki chochote" yanayokulinda. Marekani ina kanuni ya matumizi ya haki, inayopima dhumuni, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko. Japani haina kanuni pana ya namna hiyo. Ina ruhusa ya kunukuu, na nukuu lazima itumikie maandishi yako badala ya maandishi kuwa kisingizio cha kuweka picha. Tovuti inayoendeshwa kwa kufuata ile kali zaidi inalala usingizi: picha ndogo, chache, kila moja ikijibu hoja iliyoandikwa chini yake. Kama wasomaji wanaruhusiwa kupakia chochote, na seva au mwendeshaji yuko Marekani, kinga ya sheria ya hakimiliki ya kidijitali ya 1998 (DMCA), inayomlinda mwendeshaji kwa walichopakia wengine, haiji yenyewe. Lazima usajili wakala wa kupokea malalamiko katika Ofisi ya Hakimiliki, ada ni dola 6, na usajili unahuishwa kila miaka mitatu. Usajili uliopitwa na muda ni sawa na kutokuwa nao. Rekodi ya urushaji ina faida moja kubwa hapa: tarehe, saa na orodha ya vipande vilivyokatwa ni taarifa za ukweli, na ukweli hauna hakimiliki. Tovuti ya daftari inaweza kuwa kamili bila sekunde moja ya video.

Basi kwa nini tovuti za daftari nazo hufa? Mara nyingi kwa mambo madogo ya uendeshaji. Jina la tovuti linaisha kwa kuwa kadi ya malipo imebadilika, na barua za kuonya zinatumwa kwenye anwani ya barua pepe iliyo chini ya jina hilohilo, ambayo nayo imekufa. Kwa majina ya kawaida kama ya .com, baada ya kufutwa kuna siku 30 za kulikomboa kwa gharama kubwa, siku 5 za kungoja, kisha yeyote anaweza kulichukua, na wanaochukua majina ya namna hii huyageuza kuwa kurasa za kamari kwa sababu viungo vya zamani bado vinaleta watu. Barua pepe ya usajili iwe ya huduma nyingine, na watu wawili wawe na ufunguo. Sababu ya pili ni programu ya kuendeshea kurasa isiyosasishwa, inayoingiliwa na kujazwa viungo vya siri ambavyo mwendeshaji havioni lakini injini za utafutaji zinaviona. Daftari halihitaji programu hiyo kwenye seva: majedwali yakae kwenye faili za kawaida, kompyuta yako itengeneze kurasa za HTML, na seva izigawe tu. Sababu ya tatu ni teknolojia ya kupita. Menyu na kurasa zilizojengwa kwa Flash zilizimika Januari 2021 Adobe ilipoizuia isifunguke, na majina ya Kijapani yaliyohifadhiwa kwa Shift_JIS au EUC-JP, mifumo ya zamani ya kuhifadhi herufi, yaligeuka alama zisizosomeka yalipohamishwa ovyo kwenda UTF-8. Ugeuzaji huo ufanywe mara moja, kwenye nakala, na ukaguliwe kwa macho. Ukifanywa mara mbili, herufi nyingine hazirudi.

Kutokana na haya, ushauri wangu kwa anayeanza unapingana na ule unaotolewa kila siku wa kuandika habari nyingi ili upate wasomaji. Acha habari kabisa. Chagua uwanja mdogo, chaneli moja na miaka mitatu, na uujaze mpaka usiwe na tundu. Uwanja wa namna hiyo ukikamilika unatumika hata ukiacha kuugusa. Ukurasa wa habari unakufa wiki inayofuata. Kubali kila jina ambalo msomaji anaweza kulitafuta, kwa maana Zoro wa One Piece aliitwa Zolo kwenye toleo la 4Kids, na aliyemjua hivyo ana haki ya kumpata. Na kila mwezi chapisha majedwali yote kama faili la kupakuliwa, kwa leseni inayoruhusu yeyote kunakili. Waendeshaji wengi wanalipinga hili, wanaona watanyang'anywa jasho lao. Ninaielewa hisia hiyo, lakini kurasa nyingi za GeoCities zilizosalia tunazo kwa sababu watu wengine walizinakili, na ambazo hakuna aliyezinakili zimekwenda na wenyewe.

Kuna jambo moja lisilongoja mpangilio wowote wa tovuti, nalo ni kanda za VHS. Kanda ya kawaida ya T-120 ilibeba saa mbili kwa kasi ya kawaida na saa sita kwa kasi ya chini, na watoto waliorekodi vipindi vya mchana walitumia ile ya saa sita, yenye picha hafifu zaidi na ngumu zaidi kusomwa na mashine nyingine. Anza na hizo. Zihamishe kwa muundo usiopoteza data, ukiwa na kifaa cha kutuliza mawimbi ya picha, na usikate matangazo ya biashara. Humo ndimo tarehe ilimojificha: tangazo la filamu inayotoka Ijumaa, dondoo la kipindi kinachofuata, alama ya chaneli kwenye kona. Ukiona nembo ya miraba ya Cartoon Network, urushaji ni wa kabla ya tarehe 14 Juni 2004, siku nembo ilipobadilishwa. Tangazo la filamu litaibana tarehe iwe ndani ya wiki moja. Video yenyewe inaweza kubaki kwa mwenye kanda. Kinachokwenda kwenye tovuti ni mistari michache ya jedwali la urushaji, yenye chaneli, siku, toleo, alama ya uhakika, na maelezo ya kanda ilikotoka.